Kuvuka na Mjomba

Feri kutoka Mbita ilipogusa gati la Luanda K'Otieno, abiria walimiminika, pikipiki zikanguruma, mjomba akaganda. Magoti yalitikisika lakini nyayo hazikubanduka. Nyuma yetu mtu akasema, "Mzee ameamkia chang'aa." Mama mmoja akapita akiburura gunia la omena, kamba yake ikalala mbele ya vidole vya mjomba. Akaivuka, kisha akaenda moja kwa moja hadi kwenye matatu.

Kabla ya siku hiyo sikuwa nimewahi kuvuka mdomo wa Ghuba ya Winam, wala yeye hakuwa amewahi kuonana na daktari wa neva. Kijijini walishaamua ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Zahanati moja ilimpa dawa za baridi yabisi. Kwa hiyo tulipitia Ndori na Kisian hadi Kisumu, mkono wake wa kulia ukicheza mapajani safari nzima. Alipounyoosha kupokea chenji, ulitulia.

Daktari hakuanza na mkono, alianza na pua. Mjomba akakiri kwamba ni miaka sasa hasikii harufu ya omena. Mtu wa Mbita! Akaambiwa aandike jina lake: herufi zilianza kubwa, zikaishia kusomwa kwa kubahatisha.

Ni Parkinson, ugonjwa uliopewa jina la James Parkinson, tabibu wa London aliyeueleza mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa kimyakimya. Mkono unapoanza kutetemeka, nyingi zimeshakwenda. Huanza upande mmoja, halafu wa pili. Mwili hukakamaa, hatua hufupika, sauti hufifia, na baadaye mtu huanguka ovyo. Kasi yake si moja kwa wote. Levodopa hurahisisha mwendo, ila haiuzuii ugonjwa kusonga mbele.

Nikamsimulia daktari ile kamba. Hakushangaa: mguu uliogoma mahali tambarare mara nyingi hukubali kuvuka kitu unachokiona. Akashauri tubandike mistari ya utepe sakafuni, mlangoni hasa.

Kilichomuuma mjomba ni habari ya samaki. Protini hugombania njia na levodopa, kwa hiyo kidonge kitangulie, chakula kifuate. Tulipofika ufuo wa Dunga, palepale Kisumu, alimeza chake kwa maji, akamgeukia mpishi aliyekuwa akimpaa ngege.

"Mama, kaanga taratibu. Nina nusu saa."