Nimerudi, kwa mkono mmoja

Samahanini kwa ukimya, wasomaji. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nikiendesha baiskeli bonde la Lambwe, karibu na Mbuga ya Ruma, nimevaa jezi ya buluu. Mbung'o huvutiwa na buluu (ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa kitambaa cha rangi hiyo). Mmoja aliniuma shingoni, nikaachia usukani nimpige. Nikavunjika mtulinga.

Jana nilirudi kazini, mkono wa kushoto umefungwa. Ukibonyeza Shift mara tano kwenye Windows, kisanduku kinatokea. Kubali, kisha unaweza kubonyeza Ctrl, ukaachia, halafu S. Miaka yote nilikuwa nakifunga kwa hasira!

Hata hivyo, kazi ya nusu saa ilinimalizia asubuhi, na bosi ameona. Tunaongea Ijumaa.