Kiunzi cha Mtumba

Huko Kapseret, kusini mwa mji wa Eldoret, baiskeli iliyozoeleka kwa miaka mingi ni ile nyeusi ya chuma iitwayo Black Mamba, ibebayo maziwa, magunia na hata mgonjwa. Baiskeli ya mbio ni mnyama mwingine kabisa. Ikiwa mpya, bei yake humshinda mtoto wa mkulima. Ndiyo maana kijana mmoja wa huko, aliyemstahi sana Suleiman Kangangi, mwendeshaji aliyefariki mashindanoni Vermont, Marekani, mwaka 2022, aligeukia mitumba. Fedha alizoshika zilikuwa za mtamba wa mamaye. Hapakuwa na mtamba wa pili.

Muuzaji alimwekea viunzi viwili vya bei moja. (Wasanifu wa istilahi hupenda neno kiunzi, gereji husema fremu, na neno la gereji ndilo lenye wateja.) Kimoja kilikuwa cha kaboni, chepesi, king'aacho, cha pili cha chuma, rangi imebabuka.

Wepesi hushawishi. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina takriban gramu 7.8, ya alumini 2.7, ya kaboni iliyogandishwa kwa gundi yapata 1.6. Lakini mizani haisemi yote. Chuma kikipata mkazo mdogo huweza kuuvumilia mara zisizohesabika. Alumini huchoka kidogo kidogo hata kwa mkazo hafifu. Kaboni nayo haichoki upesi, ila ikigongwa, matabaka yake huweza kuachana ndani kwa ndani huku rangi ya juu ikibaki laini. Kijana alichukua sarafu akaigonga bomba moja baada ya jingine. Karibu na usukani mlio ulififia, ukawa kama wa ubao uliooza. Huenda ilikuwa gundi tu. Hata hivyo, ateremkaye kutoka Iten kuelekea Bonde la Kerio hana nafasi ya kubahatisha.

Chuma hakifichi sana. Kutu huonekana, ufa huonekana, na fundi wa jua kali mwenye mkono mwepesi huweza kukichomelea, ingawa mabomba ya baiskeli ya mbio ni membamba na moto mkali huyaharibu. Alihakikisha kwamba nguzo ya kiti, iliyokuwa ya alumini, haikuganda ndani ya chuma. Akachunguza hesi za mhimili wa pedeli: za Kiingereza ni inchi 1.37, za Kiitalia milimita 36, na anayezichanganya hununua vipuri mara mbili. Mnyororo ulimkera. Pingili 24 zinapaswa kufika inchi 12. Hizi zilizidi kwa zaidi ya moja ya kumi na sita ya inchi, na meno ya gia yalikuwa yamekwisha kuchongoka.

Alichukua cha chuma, akapunguziwa bei kwa ajili ya mnyororo. Masalio yalinunua mnyororo mpya na nyaya za breki. Gia zingesubiri mahindi yavunwe.