Nguo za Heshima za Kuogelea

Kila mwaka, kabla ya likizo ya Desemba, usharika wetu hapa Same huwaandikia barua wazazi wa vijana wanaokwenda kambi ya pwani. Barua ina orodha fupi: Biblia, kitabu cha nyimbo, shuka, chandarua, sahani na kikombe. Hakuna mzazi anayepiga simu kuuliza habari za sahani. Simu huanza wakifika pale palipoandikwa "nguo za heshima za kuogelea". Mama mmoja alituuliza, "Mchungaji, hizo zikoje? Maana za dukani nimeziona, za heshima sijaziona."

Swali lake ni la haki. Sisi ni watu wa nchi kavu. Watoto wa milimani huchezea maji ya ndiva kabla hayajafunguliwa kwenda mashambani, na hufukuzwa. Wa huku tambarare wanayajua zaidi maji ya dumu. Wakifika Tanga na kuiona bahari, wavulana huvua mashati papo hapo na kujitupa majini. Wasichana wengi hubaki mchangani, wameshika viatu vya kaka zao.

Jambo hilo la kushika viatu lilifika mbele ya wazee wa kanisa. Mzee mmoja alishauri kwamba wasichana wasiogelee kabisa, yaishe. Mama mmoja, naye mzee wa kanisa, akamjibu, "Basi na wavulana wasiogelee. Tubaki wote hapa Same tuangalie mlima." Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda vizuri zaidi.

Tulikubaliana kwamba kanuni iwe moja kwa wote. Chini, taiti nyeusi inayofika magotini, au bukta isiyobana. Juu, jezi ya michezo ya rangi nzito. Tunasema jezi na si fulana ya pamba, kwa kuwa pamba hunywa maji ikawa nzito, na ikiwa nyeupe haifichi kitu. Jezi hukauka upesi hata ikianikwa kwenye kamba ya hema, na kwenye mitumba ya gulioni haikosekani. Miguuni, yeboyebo, maana matumbawe yanakata na kandambili huchomoka. Khanga ni ya kujifunga ukitoka majini, si ya kuingia nayo. Ikilowa hujisokota miguuni, na asiyejua kuogelea hahitaji kufungwa miguu.

Wavulana hawakufurahi. Mmoja alisema babu zake walioga mtoni bila kitu. Tulimkumbusha kwamba babu zake hawakupita mbele ya msikiti adhuhuri wakiwa wamelowa. Njia yetu kutoka ufukweni kurudi kambini hupita katikati ya nyumba za watu, na watu hao ni wenyeji wetu. Mgeni huangalia wenyeji wanavaaje.

Nchi yetu imewahi kulijaribu jambo hili kwa nguvu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na sketi fupi na suruali za kubana zikapigwa marufuku kuanzia Januari 1969. Walioandamwa zaidi mitaani Dar es Salaam walikuwa wasichana. Kanisa nalo limezoea kuanzia kwa wasichana na kuishia hapo hapo. Kwetu, heshima inayompumzisha kijana wa kiume na kumbebesha dada yake mzigo wote haijaiva.

Kule Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje ulianza mwaka 2011 kuwawezesha wasichana kujifunza kuogelea wakiwa wamevaa nguo zinazofunika mwili mzima. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tunapowaza binti zetu wavae nini majini, tunaiwaza na meli hiyo.

Tunapenda kuwasomea vijana Yohana 21. Petro yumo mashuani, amevua vazi lake kwa ajili ya kazi. Anaposikia kwamba ni Bwana aliyesimama ufukweni, anajifunga vazi, kisha anajitupa baharini. Vijana hucheka: nani huvaa ili kuingia majini? Lakini Petro alivaa, na vazi halikumzuia kufika kwa Bwana wake.

Mwaka mmoja binti alisema tumbo linamuuma, siku ya kwanza na ya pili. Jioni mama mlezi akagundua kwamba hakuwa na nguo ya ndani ya kubadili, basi asingeweza kulowa. Neno "heshima" katika barua yetu lilikuwa na bei, na nyumbani kwao fedha hiyo haikuwapo. Siku hizi akina mama wa usharika hukusanya jezi, taiti, bukta na nguo mpya za ndani, na kuzitia katika mfuko mmoja mkubwa. Kila kijana huchukua humo, mwenye nazo na asiye nazo, hata mtoto wa mchungaji. Binti yule siku ya tatu aliingia majini, na kumtoa ikawa kazi nyingine.

Ufukweni hakuna chumba cha kubadilishia. Wasichana hujitengenezea cha khanga: wanne hushika pindo na kusimama wakiwa wamempa mgongo aliye katikati. Tunawaambia wanafanya kama Shemu na Yafethi katika Mwanzo 9, waliomfunika baba yao huku wakitembea kinyumenyume ili wasimwone. Wao hutujibu kwamba kaskazi inavuma, khanga zinapeperuka, hivyo tuache mahubiri, tusogee mbali na tuangalie upande wa pili.