Waswisi na Picha Zao za Siri

Juzi saa ya kahawa kazini, mwenzangu mmoja aliziba masikio kwa viganja vyote viwili. Mtu mzima, ana wajukuu. Nilikuwa nimeangalia Conclave, ile picha ya makadinali iliyotoka 2024, na ndiyo kwanza naanza kueleza nani anapata upapa. Meza nzima ikapiga kelele. Mmoja akaniuliza, kwa upole ule wao unaochoma, kama nimekusudia kumharibia wikiendi. (Anapata Benitez, kadinali wa Kabul, ambaye hakuwamo hata kwenye orodha. Kama hujaiona, pole. Kwetu mtu akishaambiwa hivyo ndiyo anaanza kutafuta kiingilio.)

Sisi wa Ifakara tunajidai kuwajua Waswisi. Tumetibiwa nao hospitali ya Mtakatifu Fransisko, tumewazoea masista wa Baldegg na mapadre wa Kikapuchini, tumetobolewa vidole kwenye utafiti wao tangu enzi za maabara ya Geigy. Yote hayo, na hakuna hata mmoja aliyetudokeza kwamba kwao picha ni siri ya kitubio.

Hapa Basel majumba ya sinema yako mtaa wa Steinenvorstadt. Tiketi karibu faranga 20, na kwa hela hiyo unauziwa na ukimya. Picha ya Kiingereza wanaiacha na Kiingereza chake, chini yanapita maandishi, mstari wa Kijerumani na mstari wa Kifaransa, watu wanasoma, bisi wanazitafuna kwa adabu. Halafu, stelingi kaning'inia dirishani, ghafla taa zinawaka. Sitanii. Mapumziko. Kuna kumbi huku bado zinakata picha katikati ili watu wanunue aiskrimu na kwenda msalani. Mara ya kwanza nilijua sasa ndipo tutaongea. Jirani yangu wa kiti akanigeukia, akaniambia theluji inaelekea kuchelewa mwaka huu.

Kibandani kwetu Viwanja Sitini, jenereta likizima ndipo kikao kinafunguliwa. Mwenye banda anahangaika na plagi, sisi tuko gizani, mbu wanafanya yao, aliyeiona jana anaendelea kuanzia pale ilipokatikia na wabishi wanabisha. Jenereta likiwaka wengine wananuna kwamba limewahi.

Ila shule yangu ya sinema hasa ilikuwa dunguni. Msimu wa mpunga tulihamia shamba, ng'ambo ya mto, njia ya Lupiro. Daraja lilikuwa bado, ni pantoni tu, na kazi yetu watoto ni kuamia ndege tangu alfajiri. Kaka yangu mkubwa alibaki mjini. Jumamosi anafika na baiskeli, kabeba unga, mafuta ya taa, na picha kichwani.

Komando aliisimulia usiku mbili. Hatukuwahi kusikia kuna mtu anaitwa Matrix. Matrix ndiye nani? Ni Schwarzenegger, na kaibiwa mtoto wake. Ngumi kaka alizipiga kwa mdomo, bunduki kwa mdomo, na kila bunduki ilikuwa na mlio wake. Alipofika pale jamaa anajirusha kutoka kwenye tairi la ndege inayopaa, akaangukia kinamasini, hakuna aliyehitaji maelezo. Kinamasi tulikuwa tumekikalia. Lufufu mwenyewe, yule mtafsiri wa picha za vibandani, angenyamaza asikilize. Kaka akaongeza na mamba, akamfuata Schwarzenegger majini, Schwarzenegger akamvunja taya.

Komando yenyewe nimekuja kuiona huku, kwenye kompyuta, nikiwa mtu mzima. Ni nzuri, lakini ni fupi. Na mamba hayumo. Nilimsubiri mpaka orodha ya majina ya wapishi ikapita.

Sasa Mswisi akikwambia ameona picha nzuri, ukimuuliza inahusu nini anakutajia jina la mwongozaji. Anasifia mwanga. Anafungua simu akuonyeshe ameipa nyota tatu na nusu. Nusu hiyo imepungua kwa kosa gani? Nani amekufa? Adui alipigwa au hakupigwa? Kwetu Komando iliongozwa na nani hakuna aliyewahi kuuliza. Tulikuwa na maswali mazito zaidi, kama Bruce Lee angekutana na Van Damme nani angelala, na kuna binamu zangu wawili ambao mpaka leo hili halijawaishia.

Mama naye alikuwa wa Kanumba. Kwenye picha aitwe jina lolote, kwa mama ni Kanumba: Kanumba kaoa, Kanumba karogwa, Kanumba kafukuzwa kwao. Ananunua sehemu ya kwanza, sehemu ya pili haijafika Ifakara, basi anaenda kuimalizia barazani kwa jirani aliyetoka Morogoro, ambaye aliiona yote. Jumamosi Kuu ya mwaka 2012, tarehe 7 Aprili, habari ilipokuja kwamba Kanumba amefariki, mama alijifunga kanga akakaa chini. Pasaka yetu ikawa ya msiba. Huku mwigizaji akifa wanamwandika vizuri sana gazetini, filamu zake na tuzo zake, na jioni kila mtu anakula chakula chake.

Nimejaribu kuwatetea. Labda ni kweli mtu ana haki ya kushtuka mwenyewe, kalipa hela yake. Lakini hawa hawa kila Krismasi wanakaa kuangalia ile Cinderella ya Kicheki ya mwaka 1973, na wanaitamka pamoja na waigizaji. Tarehe 31 Desemba wanawasha televisheni kwa ajili ya Dinner for One, kichekesho kilichorekodiwa 1963, cha mtumishi anayelewa kwa niaba ya wageni waliokwisha kufa, na wanaanza kucheka kabla mzee hajamimina glasi ya kwanza. Niliwauliza siku ile ile, kahawani. Wakasema hiyo ni tofauti. Tofauti yenyewe hawakuieleza, muda wa kazi ukafika.

Na nyumbani nako siku hizi mnaniudhi. Shangazi yangu wa Kibaoni hana neno. Enzi Azam wanaonyesha tamthilia ya Sultan kwa Kiswahili alikuwa akinipigia simu, kabla ya salamu ananishtakia Hürrem. "Baba, yule mwanamke ana roho mbaya, hujui leo kafanya nini." Bando linaisha hatujaulizana hali. Taabu yangu ni mpwa wangu. Muvi zake anazo kwenye simu, kachomeka waya masikioni, anaangalia peke yake chumbani. Wiki iliyopita nikamuuliza siku hizi anaangalia nini. Tamthilia ya Kikorea. Inahusu nini?

"Kali sana, mjomba. Nakutumia linki utaona mwenyewe."

Mswisi mwingine huyu, tena mzaliwa wa Ifakara. Nikamwambia linki abaki nayo, bando namrushia sasa hivi, asimulie.

"Yote?"

Yote, na ngumi asiruke hata moja.