Uyoga Usio na Jina

Tuliondoka Muheza alfajiri, akina mama sita wa kanisa, tukapita Sigi na kuanza kupanda kona za Amani, Usambara Mashariki. Tulipofika juu, ukungu ulikuwa umelala kwenye miti na khanga zetu zimelowa kabla ya mvua kunyesha. Hapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na tangu 1997 msitu huo ni hifadhi.

Wageni wengi hufuata ndege na vinyonga. Sisi tulichuchumaa tukitafuta uyoga, na sababu tunayo. Wawili kati yetu ni wauguzi, na tuliwahi kumpokea mtoto aliyekula uyoga jana yake. Kutapika kulikuwa kumekoma, mama yake akashukuru akidhani amepona. Kumbe sumu ya uyoga wa namna hiyo hutulia kwanza, kisha hushambulia ini. Tulimwuliza ni uyoga gani. "Ni uyoga tu," alijibu. Hatukuweza kumwokoa. (Mgonjwa wa uyoga aletwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga huo, hata yaliyotupwa jalalani.)

Pale chini, juu ya majani yanayooza, tuliuona: mdogo kuliko kifungo cha shati, shina jeusi jembamba kama unywele. Ni jamaa ya Marasmius, unaoozesha majani yakawa udongo. Jua likiwaka hunyauka kama uliokufa; mvua ikirudi hufunguka tena. Hakuna aulaye huo. Lakini tangu siku ile neno "uyoga tu" hatulipendi.

Kuutambua kunataka subira. Mtaalamu huandika kwanza rangi na harufu, maana ukikauka hupotea, na umeota juu ya jani la mti gani. Kofia huilaza juu ya karatasi usiku kucha ili spora, yaani vumbi lake la uzazi, zidondoke na kuonyesha rangi. Kisha huukausha kwa joto dogo, kama mama anayekausha mboga za kiangazi, na kuchunguza spora kwa darubini. Huulinganisha na uliohifadhiwa makabatini, kama kule Kew, Uingereza, alikofanya kazi David Pegler, aliyetoa kitabu cha uyoga wa Afrika Mashariki mwaka 1977. Siku hizi hupima vinasaba pia. Usipofanana na wowote, hupewa jina, na ule uliokaushwa hutunzwa kuwa shahidi wa jina hilo.

Mwaka 2023 Kew walikadiria kuna aina milioni 2.5 za kuvu duniani. Zenye majina wakati huo zilikuwa kama 155,000 tu.

Tulimwonyesha kiongozi wetu mmoja mweupe, tukauliza jina lake.

"Huo bado, mama."

Tukaufunika kwa jani lake, tukaanza kushuka.