Mizani ya Waya

Washairi huhesabu mizani kwa vidole. Mjenzi wa antena hana vidole vya namna hiyo: wimbi halionekani, na waya uliotundikwa kati ya miembe miwili hausemi kama umepungua au umezidi. Tangu nianze kujifungia nyaya hapa Chitete nimelitafakari sana suala la kipimio, kwa kuwa kiinua mgongo cha mwalimu hununua kitu kama hiki mara moja tu, na kikiharibika huku Momba fundi wake yu mbali.

Tunduma wauzaji walinielekeza kwenye mita ya fundi umeme. Mita hiyo haifai. Antena ya nyaya mbili zisizogusana itaiona kama waya uliokatika, ilhali kwa mawimbi ya redio njia ni wazi kabisa. Kinachotakiwa ni chombo kinachopeleka wimbi dogo kwenye waya, kikapima linalorudi. Mimi nakiita kichanganuzi, kwa sababu darasani tulichanganua sentensi kwa mtindo uleule: kiima huku, kiarifu kule, tukajua kila kipashio kina kazi gani.

Uwiano kikiuonyesha kuwa 1, wimbi lote limepokewa. Ukiwa 2, takriban asilimia 11 ya nguvu hurudi. Ukiwa 3, asilimia 25. Nguvu hiyo inayorudi ndiyo inayoweza kuunguza kirushio, na vijana wawili wanaojifunza kwangu, ambao wanakusudia kuomba leseni ya TCRA, hawana fedha za kununua kirushio cha pili.

Nimelinganisha viwili. RigExpert ya Ukraine ni imara, hukiwasha ukapima, lakini bei yake ni mara kadhaa ya mwenzake. NanoVNA ilibuniwa Japani, michoro yake ikawekwa wazi, na sasa huundwa kwa wingi China. Hiyo hutaka kwanza irekebishwe kwa hatua tatu: mdomo ukiwa wazi, mdomo ukiwa umefungwa kwa kizibo cha chuma, kisha ukiwa na mzigo wa omu 50. Ukibadili masafa unayopima, unaanza upya. Wengi huuona huo kuwa usumbufu. Kwangu ndiyo sababu ya kuichagua, kwani kijana aliyezifanya hatua hizo anajua chombo kinalinganisha nini na nini. Nimechukua ile ya skrini ya inchi 4. Ya inchi 2.8 si ya macho ya miaka sitini, hasa juani.

Neno masafa nalo lina mambo yake. Asili yake ni umbali, nasi tumelibebesha hesabu ya mitetemo kwa sekunde. Wapo wanaolalamika, nami sijiungi nao: mitetemo ikizidi, urefu wa wimbi hupungua, hivyo kimoja hukijua kwa kingine. Bendi ya megahezi 7 ndiyo ileile ya mita 40.

Basi twende kwenye waya wenyewe. Kwa megahezi 7.1, gawanya 142.5 kwa 7.1, upate mita 20.07, nusu huku na nusu kule. Waya wenye ganda la plastiki huitika chini zaidi. Tuseme kichanganuzi kimeonyesha 6.9. Zidisha 20.07 kwa 6.9, gawanya kwa 7.1, jibu ni mita 19.50. Zimezidi sentimita 57, yaani kama 28 kila upande. Vijana hukimbilia koleo. Mimi huwaambia wakunje ncha irudi juu ya waya, waifunge, wapime tena. Mvua zikianza tutapima upya, maana ardhi ikilowa jibu hubadilika.