Fahali Wawili, Zizi Moja: Mkasa wa Tarakilishi Pepe Kisaju

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaasa viongozi wanaogombea kiti kimoja au ndugu wanaozozania urithi. Huko Kisaju, katika kaunti ya Kajiado, baina ya Kitengela na Isinya kandokando ya barabara iendayo Namanga, methali yenyewe haihitaji ufafanuzi, kwani mazizi yangalipo, ijapokuwa siku hizi yamezungukwa na ploti zenye nyua za waya na nyumba za watu wafanyao kazi Nairobi. Ni wachache ambao wangalitarajia kuwa methali hiyohiyo ingekuja kueleza, tena kwa usahihi, hitilafu iliyoikumba tarakilishi katika mojawapo ya nyumba hizo mwaka 2025.

Mwenye tarakilishi alikuwa mwanafunzi wa uzamili katika isimu. Kwa miaka kadhaa alikuwa akikusanya msamiati wa Kimaa unaohusu mifugo: majina ya rangi na mabaka ya ng'ombe, ya pembe, ya maradhi na ya malisho, pamoja na visawe vyake vya Kiswahili pale vilipopatikana. Sehemu kubwa ya maneno hayo aliyapata kwa nyanya yake, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuaga dunia. Yote aliyahifadhi katika programu kongwe ya kutungia kamusi, iliyoundwa kwa ajili ya Windows XP na ambayo ilikataa katakata kufanya kazi katika mifumo ya kisasa. Kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP mwezi Aprili 2014, ilimbidi atafute njia ya kuuweka hai mfumo huo bila kuitegemea mashine kuukuu ambayo ingeweza kufa siku yoyote.

Njia hiyo ni tarakilishi pepe. Kivumishi hiki, kilichozoeleka katika barua pepe, kinafaa hapa pia, kwani tarakilishi ya aina hii haina chuma wala waya. Ni programu inayojifanya tarakilishi ndani ya tarakilishi nyingine. Mfumo ulio nje huitwa mwenyeji, na ule ulio ndani huitwa mgeni. Baina yao husimama programu simamizi, ambayo kazi yake ni kumgawia mgeni kumbukumbu, diski na muda wa kichakato bila mgeni kujua kwamba yumo nyumbani mwa mtu. Katika kisa hiki mwenyeji alikuwa Ubuntu, mfumo ambao jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Mgeni alikuwa Windows XP. Na msimamizi alikuwa VirtualBox, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2007.

Mambo yalikwenda shwari hadi pale mwenyeji alipoboreshwa kutoka toleo la 24.10 hadi toleo la 25.04. Uboreshaji ulimalizika bila lalama yoyote. Lakini mwanafunzi alipombisha mgeni hodi, mgeni hakuamka. Badala yake kulijitokeza ujumbe wa Kiingereza, uliojaa herufi kubwa, uliosema kwamba uwezo wa VT-x unatumiwa na msimamizi mwingine.

Hapo ndipo hatari halisi ilipoanzia. Fundi mmoja wa Kitengela aliitazama skrini kwa muda mfupi, akasema, "Dada, hapa dawa ni kufomati tu. Nitakuwekea kila kitu upya."

"Na maneno yaliyomo ndani, fundi?"

"Kama huna nakala, hayo yamekwenda."

Hakuwa na nakala ya karibuni. Aliichukua tarakilishi yake, akashukuru, akarudi Kisaju. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kunakili faili linalobeba diski ya mgeni hadi kwenye diski ya nje. Hatua hiyo haikurekebisha chochote, lakini iliyatenga mambo mawili ambayo fundi aliyachanganya: kuokoa maneno na kuamsha mashine. Baada ya hapo angeweza kujaribu na kukosea pasipo kuhatarisha sauti ya nyanya.

Hatua ya pili ilikuwa kuusoma ujumbe kama mwanaisimu asomavyo sentensi. Ujumbe haukusema kwamba mgeni ni mgonjwa. Haukusema kwamba diski imeharibika. Ulisema kuna kitu kinachotumiwa, na kuna mwingine anayekitumia. Kitenzi kilikuwa katika kauli ya kutendwa, na mtenda alikuwa ametajwa pasipo jina. Swali sahihi, basi, halikuwa "kimeharibika nini?" bali "ni nani aliyekishika?"

Kwanza alichunguza mipangilio ya msingi ya mashine, ile inayoonekana kabla ya mfumo kuamka, akakuta VT-x imeruhusiwa. VT-x ni uwezo uliojengwa ndani ya vichakato vya Intel tangu mwaka 2005 ili kurahisisha kazi ya wasimamizi. Kisha akaizima tarakilishi, akaiwasha tena na kuchagua, katika orodha ya kuanzia, kiini cha zamani cha Linux, yaani 6.11, badala ya kiini kipya 6.14. Mgeni aliamka mara moja. Jaribio hilo moja lilimwachilia huru mshukiwa mkuu: tarakilishi pepe ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni kiini cha mwenyeji.

Alipoorodhesha moduli zilizokuwa zikifanya kazi ndani ya kiini kipya, alimpata yule mwingine. Jina lake ni KVM, msimamizi anayeishi ndani ya kiini cha Linux chenyewe tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007. Kwa miaka mingi KVM alikuwa akiingia zizini na kulala pembeni. Hakuigusa VT-x mpaka apate mgeni wake mwenyewe wa kumhudumia. Katika kiini 6.12, kilichotolewa mwezi Novemba 2024, desturi hiyo ilibadilishwa. Sasa KVM huishika VT-x tangu anapopakiwa, awe na mgeni au asiwe naye. VirtualBox naye, kwa jinsi alivyozoea, aliitaka VT-x peke yake. Fahali wawili walikuwa wamekutana mlangoni, na hakuna aliyekuwa amefanya kosa.

Tiba ilikuwa fupi kuliko uchunguzi. Aliiondoa kwanza moduli iitwayo kvm_intel, kisha kvm, na mgeni akaamka katika kiini kipya. Hata hivyo, alijua kwamba tiba hiyo ingedumu mpaka tarakilishi itakapozimwa na kuwashwa tena, kwani moduli hizo hurudi zenyewe. Kwa hiyo akaongeza agizo katika mstari wa kuanzishia kiini, kvm.enable_virt_at_load=0, ambalo humrudisha KVM katika desturi yake ya awali. Mwishowe akafanya jambo ambalo lilipaswa kutangulia yote: aliyatoa maneno yake katika programu kongwe na kuyahifadhi kama maandishi ya kawaida, yanayoweza kusomwa na mashine yoyote.

Kisa hiki kina funzo kwa wapenzi wa Kiswahili. Fundi hakuwa mjinga. Alikosa subira ya kuusoma ujumbe, pengine kwa sababu ujumbe ulikuwa katika lugha ambayo wengi huichukulia kama kelele zinazotangulia kifo cha mashine. Mwanafunzi aliposema moyoni mwenyeji, mgeni, msimamizi, zizi, uhusiano wa vitu hivyo ulidhihirika, na uhusiano ndio uliokuwa na kasoro.

Juhudi za kuifundisha tarakilishi Kiswahili si ngeni. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na tangu hapo orodha za istilahi zimeongezeka. Lakini orodha huishia kwenye majina ya sehemu: kipanya, kibodi, faili, kabrasha. Ni nadra kukuta maandishi ya Kiswahili yanayoeleza jinsi sehemu hizo zinavyotendeana, na namna ya kutafuta chanzo pale zinapokataa kutendeana. Pengo hilo si la wahandisi peke yao. Anayejua kutofautisha mtenda na mtendwa, na anayejua methali inapofaa na isipofaa, tayari ana nusu ya vifaa vinavyohitajika kulijaza.